Aliyeupiga Aufuate

Kiwanja chetu kule Vuga ni kipande cha ukingo wa mlima kilichosawazishwa kwa jembe. Upande mmoja kina kichaka, upande wa pili hakina kitu, ni mteremko tu. Ndiyo maana tuna sheria ambayo FIFA hawajaifikia: aliyeupiga aufuate. Mpira ukitoka upande wa bondeni unapita kwenye migomba, unavuka kijia cha mtoni, unagonga choo cha mzee mmoja nisiyemtaja, kisha unatulia kwenye maharage. Kuufuata ni dakika mbili. Kurudi nao ni safari.

Siku ya pili ya Krismasi huwa tunacheza waliooa na makapera, zawadi ni kreti la soda. Mwaka mmoja nilipanda kutoka Dar es Salaam nikiwa na viatu vipya na maneno mengi. Kwa miezi sita nilikuwa nakimbia na kikundi cha joging kila Jumamosi alfajiri, njia tambarare, upepo wa bahari usoni, wauza madafu wakitusubiri mwisho wa safari. Nilikuwa nimemwambia kila mtu, hata asiyeuliza, kwamba siku hizi nina pumzi.

Mechi ilikuwa saa tisa. Saa nane kasoro robo mama akatenga makande.

Naomba nieleweke. Haya si makande ya kibandani mjini. Ni mahindi na maharage yaliyolala jikoni usiku kucha juu ya moto mdogo, yakaungwa kwa nazi iliyopanda kwa basi kutoka Tanga. Kando yake liliwekwa parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Niliongezwa mara ya kwanza kwa heshima ya mama. Mara ya pili niliongeza mwenyewe.

Kipindi cha kwanza niliupiga mpira bondeni mara tatu. Mguu wangu wa kushoto sijawahi kuuamini, na siku ile nilijua kwa nini. Mapumziko, shemeji yangu mmoja, kapera, akaniletea soda mbili kutoka kreti lililokuwa bado halijapata mwenyewe. Nilizinywa kwa mkupuo. Hadi leo sijui kama ulikuwa wema au mbinu.

Safari ya nne ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa napanda na mpira kwapani, moyo ukidunda masikioni, mate yamejaa mdomoni, jasho likinitoka la baridi, nikakutana na bibi mmoja aliyekuwa anapanda na mzigo wa kuni kichwani. Hakuwa anahema hata kidogo. Alisimama kunipisha, akanisalimia kwa Kisambaa, akangoja jibu. Nikafungua mdomo, nikaona kitakachotoka si salamu. Nikaufunga. Nikampita. Huku kwetu afadhali ufungwe mabao sita kuliko kuacha salamu ya mzee ining'inie hewani.

Nilifika kiwanjani, nikaurusha mpira, nikasimama ghafla, mikono magotini. Makande yakarudi yote, mbele ya baba mkwe, aliyekuwa mgeni rasmi.

Waganga hawakukosekana. Mmoja alisema ni maji ya Dar. Wa pili akasema ni kijicho, watu wameviona viatu. Mama mmoja hakusema kitu, alimtazama tu mke wangu tumboni, na jioni ile mke wangu akapewa pongezi tatu asizostahili. Nahodha wetu akapiga kelele, "Maliza mbio, Akhwari!" Kulinganishwa na John Stephen Akhwari ni heshima, lakini yeye mwaka 1968 kule Mexico City alianguka, akaumia goti, akamaliza marathoni na bendeji mguuni. Mimi niliangushwa na parachichi.

Nikaona upenyo, nikasema ni mwinuko, kama Mexico. Shangazi yangu, muuguzi mstaafu, akacheka mpaka akashika nguzo ya goli.

"Mexico ni mita 2,240, mwanangu. Hapa hatufiki hata 2,000, na umezaliwa hapa. Lala chini, inua miguu."

Nikalala. Akaanza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mgeni rasmi.

"Damu ni ile ile moja. Ukikaa kitako baada ya kula, inakwenda tumboni kufanya kazi. Ukikimbia kwa nguvu zote, mwili unaiita miguuni, na nyingine kwenye ngozi ili upoe. Tumbo linaweza kubakiwa na sehemu moja kati ya tano ya damu yake. Wewe ulilipa tumbo kazi ya mafundi kumi, ukaliachia mafundi wawili. Tena ukawapa nazi na parachichi! Mafuta ndiyo yanayokawia kuliko vyote kutoka tumboni. Kisha ukamwagia soda. Sukari nyingi namna ile nayo haitoki upesi, inakaa pale ikipigwa mtikiso. Kisichoshuka kitapanda."

"Lakini shangazi, mbona imenipata niliposimama?"

"Kwa sababu ulisimama kama basi lililofunga breki za ghafla! Misuli ya miguu ndiyo inayoisukuma damu kurudi juu. Ukiisimamisha ghafla, damu inatuama miguuni, presha inashuka, unaona kizunguzungu, unatapika. Ukisikia kichefuchefu punguza mwendo, tembea, usigande."

Baridi yetu nayo, akasema, inadanganya. Jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo mtu hanywi maji, halafu anakumbuka na kunywa ndoo nzima. Anywe kidogo kidogo. Na anayekimbia masaa mengi akijaza maji matupu bila chumvi wala chakula, chumvi ya damuni inapungua, na hiyo nayo inaleta kichefuchefu, ikizidi ni hatari. Mlo mzito uliwe masaa matatu au manne kabla. Ukibanwa na njaa saa moja kabla, ndizi mbivu inatosha. Kisha akanitazama machoni, akauliza kama kifua kinabana, kama nimetapika damu, kama najua leo ni siku gani. Lingejibiwa vibaya hata swali moja, alisema, tungekuwa tunatafuta gari la hospitali, si kucheka.

Nilijua ni siku gani. Nilitamani ingekuwa nyingine.

Nikiwa chali pale nilimfikiria Mbegha, yule mwindaji kutoka Nguu aliyekuja kuwa mtawala wa Wasambaa, ukoo wake ukakaa hapa hapa Vuga. Masimulizi yanasema alifukuza nguruwe mwitu na mbwa wake katika milima hii, nyama akawagawia wenyeji, nao wakampa vyakula vya shambani. Hakuna msimulizi aliyewahi kunieleza kama alikula kabla ya kuwinda au baada. Sasa nadhani najua.

Tulifungwa manne kwa moja. Makapera wakadai soda zao mbili nilizokunywa, nikawalipa. Waliooa wakadai marudiano, kesho yake saa nne asubuhi.

Asubuhi hiyo, kama saa tatu, nilishuka taratibu hadi kwa yule bibi kuitikia salamu yake ya jana. Nilikuwa nimekula ndizi mbili tu, kwa nidhamu. Aliipokea salamu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, akafurahi, akavuta kigoda nikae. Kisha akafunua chungu, akasema nisiondoke kwake mdomo mtupu, makande ya jana yamebaki.