Gari la Kwenda Mita 402

Golden Valley, Minnesota

Mjomba,

Baridi imekwisha, na baridi ikiisha hapa Golden Valley, magharibi kidogo ya Minneapolis, wazee wa Kimarekani hufungua magereji yao na kuwatoa wagonjwa nje. Wagonjwa wenyewe ni magari. Yamelala tangu Novemba, yamefunikwa maturubai, kwa sababu barabara za Minnesota humwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula bodi kama ya kwetu Tanga inavyokula mabati.

Jirani yangu ana Chevelle ya 1970. Siku alipoiwasha nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimejifunika gubigubi. Vikombe vikaanza kucheza kabatini. Nikajua ni gesi! Nikatoka mbio na msuli, mguu mmoja una ndala, mwingine peku. Mzee akanipungia mkono, uso umejaa furaha: "Umemsikia anavyoongea?" Mtaa mzima umemsikia, mzee wangu.

Sasa wewe ni fundi wa Gerezani, nisaidie kufikiri. Injini ile ni lita 7.4. Vitz ya shangazi ni lita moja. Toleo kali la mwaka ule Chevrolet waliliuza na nguvu za farasi 450, na mzee akaona hazitoshi. Wewe umemaliza ujana wako ukirekebisha kabureta ili gari la mtu linuse tu mafuta. Yeye kaweka kabureta ambayo nikiitazama kwa juu naona koo nne.

Halafu kang'oa kiti cha nyuma. Sisi Hiace tunaiongezea viti mpaka konda ananing'inia mlangoni, yeye anapunguza! Betri kaihamishia kwenye buti. Boneti ya bati kaitoa, kaweka ya faiba. Nilipomuuliza alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mteja asiyelipa: gari likichomoka pua hunyanyuka, uzito wote hukimbilia nyuma, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Kwa hiyo mbele kuwe kwepesi, nyuma kukandamize. Hapo nikanyamaza, hoja ilikuwa ya kifundi. Kwenye difu kabadilisha meno, sasa propela shafti izunguke mara nne na ushei ndipo tairi lizunguke mara moja. Linachomoka kama jiwe la manati, ila kwenye barabara kuu linalia kama limekwama gia ya pili.

Na matairi ya nyuma, Mjomba, ni vipara. Siyo yameisha, yametoka kiwandani hivyo, na kayanunua kwa bei ya ng'ombe! Trafiki wa kwetu angeandika faini mpaka kitabu kiishe. Anasema kwenye lami kavu mpira laini hushika kote, hauna mahali pa kupoteza. Kabla ya mbio anayalowesha, anafunga breki za mbele peke yake, anayazungusha ya nyuma mpaka yatoe moshi. Yakipata moto yananata.

Mwezi uliopita akanichukua kwenda Brainerd, kaskazini, kilomita 200 na ushei. Uwanja wa mbio wa huko ulifunguliwa 1968, na tangu 1982 Agosti ndiyo mwezi wake wa mashindano ya taifa. Sisi tulikwenda siku ya makabwela. Chevelle ilipandishwa kwenye trela, ikavutwa na pikapu. Yaani gari lenye mbio kuliko yote mtaani lilikwenda mbioni limebebwa, kama bibi harusi.

Na safari yote hiyo ni ya kukimbia mita 402. Hakuna kona, hakuna kupishana. Mbele ya madereva kuna nguzo ya taa wanayoiita Mti wa Krismasi, iliyoanza kutumika 1963. Kabla ya hapo alisimama mtu na bendera katikati ya magari mawili, na sijui alikuwa anamuaga vipi mkewe asubuhi. Taa ikawa ya njano, ikawa ya kijani, moshi, kishindo, nikakohoa. Nilipomaliza kufuta macho mzee alikuwa ameshafika.

Akarudi na kikaratasi: sekunde 11.8. Akakikunja akakiweka kwenye pochi, karibu na picha ya wajukuu. Mwaka jana ilikuwa 11.9. Nilitaka kumuuliza ile sehemu moja ya kumi ataifanyia nini, nikakumbuka kwamba njia nzima nimekula mikate yake.

Mjomba, nina ombi moja. Ile Peugeot 504 ya marehemu babu iliyo chini ya mwembe usiwape watu wa vyuma chakavu. Jirani nimemwonyesha picha, akauliza ina silinda ngapi. Nikamwambia nne. Akanipa pole.

Ni mimi mpwa wako.