Namna ya Kuipitisha Bendi Yako kuwa ya Asili

Sogea karibu, ndugu yangu. Una bendi ya shaba kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire au Lancashire, na unataka wazee wenye medali waikubali kuwa ya asili. Njia ya mkato ipo.

Kwanza, ficha tarumbeta. Zifungie garini kabla watu hawajashuka. Bendi ya asili ya huko hupiga korneti, ambayo bomba lake hutanuka polepole, ndiyo maana sauti yake ni laini. Mpiga tarumbeta wako atanuna, maana amezoea kung'ara. Mpe korneti ya soprano, ile ndogo inayopaa juu ya wote, umnong'oneze kwamba kiti hicho ni kimoja tu katika bendi nzima. Atatulia.

Pili, saksafoni nje. Imeundwa kwa shaba, lakini inapigwa kwa mwanzi, basi. Mpigaji wake akilalamika, mhamishie kwenye pembe ya tena na umkumbushe kuwa imetokana na saksihoni, vyombo vya Adolphe Sax, yuleyule aliyebuni saksafoni. Hapo anabadili chombo bila kumsaliti bwana wake.

Tatu, timiza idadi. Mashindano yanataka wapigaji 25, ngoma kando: korneti 10, flugelihoni 1, pembe za tena 3, baritoni 2, yufoniamu 2, tromboni 3, besi 4. Hapa ndipo penye mwanya mtamu. Vyombo vyote vya vali, kuanzia soprano hadi besi kubwa kabisa, huandikiwa noti kwa ufunguo uleule wa trebo, na vidole ni vilevile. Mpiga besi akiugua Ijumaa, mchukue mpiga korneti wa tatu umpakatishe besi. Noti anazisoma, vidole anavijua. Usiku huo azoeshe midomo na pumzi tu. Kesho yake mweke katikati ya besi wawili wenye nguvu. Tromboni usiziguse, zile huvutwa kwa mkono.

Nne, mzee akikushtukia, muulize kwa adabu: asili ya mwaka gani, mzee wangu? Mashindano ya Belle Vue, Manchester, yalipoanza mwaka 1853, bendi nyingi bado zilipiga ofikleidi, bomba refu la vifuniko ambalo leo halionekani katika safu. Mpangilio huu tunaouapia ulikazwa baadaye, miaka ya 1870, na walimu kama John Gladney wa bendi ya Meltham Mills, kisha kanuni za mashindano zikaufunga. Waliupanga watu waliotaka kushinda, kama wewe.

Akiwa bado anatafuta jibu, panga watu wako nusu duara, korneti kushoto kwako, umwanzishie wimbo wa kanisani wa taratibu. Pembe, korneti na besi zitaungana kuwa sauti moja nene isiyo na makali, ambayo tarumbeta zako kule garini haziwezi kukupa.