Jinsi ya Kusomea Harvard Ukiwa Komarock Bila Kutoa Ndururu

Anza kwa kujiandikisha. Usiulize somo lina nini ndani, hayo ni ya baadaye. Fungua akaunti Coursera, fungua nyingine edX, tovuti za kozi za mtandaoni. Zote mbili zilizaliwa 2012 na zote zina imani nawe kuliko mama yako mzazi. Chagua masomo yasiyojuana: uhasibu, anatomia, falsafa ya Wagiriki, akili unde. Ukurasa wa kukukaribisha ukifunguka, piga skrinishoti, uweke kwenye status kabla ya saa nne usiku, mashangazi wakiwa bado macho. Watakuandikia hongera, mbele iko sawa.

Ukishapongezwa, lala. Usione haya, una wenzako. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu ya kozi za edX za Harvard na MIT. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi kufungua hata somo moja, na katika mwaka wa masomo wa 2017-18 waliomaliza walikuwa kama watatu katika kila mia. Hao watatu ni watu wa kuogopwa.

Epuka MIT OpenCourseWare. Chuo kilitangaza 2001 kwamba kitaanika masomo yake hadharani, na sasa kuna zaidi ya kozi 2,500, kuanzia hisabati hadi muziki, baadhi zikiwa na maswali ya mtihani na majibu yake. Kasoro yake ni kwamba haikusajili. Unaingia, unasoma, unatoka, hakuna aliyekuona. Mtu anaweza kuimaliza kalkulasi nzima na ploti yote isijue. Sasa hayo ni masomo gani?

Tafuta Wi-Fi. Nyumba za Komarock, mtaa wetu hapa Nairobi, zilijengwa fupi, kila familia na lango lake, kisha wenye nyumba wakatazama juu, wakaona hewa inakaa bure, wakapandisha ghorofa tatu, nne za kupangisha. Ndiyo maana ruta ya jirani iko karibu nawe sana kwa macho, lakini katikati yenu kuna zege. Mahali pazuri pa elimu ya juu ni kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mgongo umeuegemeza kwenye grili, simu umeielekeza dirisha la mwenye mtandao. Hapo utapata vijistari viwili vya Wi-Fi, harufu ya vitunguu vya nyumba tatu, na mtoto wa gredi ya kwanza anayetaka kujua kwa nini mzungu aliye kwenye simu yako ameacha mdomo wazi na haongei. Mwambie anatafakari.

Mkiwa mnachanga bili, ratiba ya muhula hupangwa na aliye na ruta sebuleni. Tarehe tano paswadi hubadilika, na kwa kawaida jina la mdaiwa huwa limo ndani yake. Kuanzia saa moja jioni kila mlango unatazama filamu, na profesa wako anageuka kuwa kiduara kinachojizungusha. Saa nane usiku mtandao hupiga mbio ajabu, stima zikiwepo. Usiweke kengele ya saa hiyo. Saa nane ni ya watu wa aina nyingine, nao nitawafikia.

Kupakua, hapo ndipo tulipobobea. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, kule Texas, imekuwa ikitoa vitabu vya kiada tangu 2012: fizikia, uchumi, takwimu, sosholojia, vyote PDF, vyote bure, vyote halali. Cha anatomia na fiziolojia kina kurasa zaidi ya elfu moja. Kipakue. Kesho kipakue tena, kwa sababu umesahau uliko­kiweka. Simu ikilalamika kwamba nafasi imeisha, usiguse video za ruracio wala picha za asubuhi njema za kundi la kanisa. Futa kitabu. Ni cha bure, utakipata tena. Kwa kweli kitabu chakavu ulichonunua kando ya barabara mjini kwa shilingi mia mbili kina bahati zaidi: vya namna hiyo wengi wetu tulivimaliza kwa uchungu wa pesa tu.

Suala la cheti linataka busara. Mara nyingi somo ni bure, karatasi ndiyo yenye bei, tena bei ya dola. Kuna watu watakudanganya kwamba CS50, ile kozi ya kompyuta ya David Malan wa Harvard, hutoa cheti chake cha bure mbali na kile cha kulipia cha edX. Hawajakudanganya, ila wamekuficha sharti: lazima ufanye kazi zote, kuanzia wiki waliyoipa namba sifuri hadi mradi wa mwisho. Zote. Hapo unaona wazi kwamba kulipa ni nafuu.

Ukiwa na mtoto, kuwa macho zaidi, kwa maana huko kuna vitu vinavyofundisha kweli. Kuna PhET, mkusanyo wa majaribio ya sayansi ya kwenye skrini wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja tu baada ya kushinda Nobel ya fizikia. Mtoto huvuta betri, waya na balbu kwa kidole, balbu ikawaka. Akiunganisha vibaya, betri inashika moto pale pale kwenye kioo, atacheka, atarudia makusudi, na kufikia jioni atakuwa anajua saketi fupi ni nini kabla mwalimu hajaitaja. Baadhi ya majaribio hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili, na unaweza kuyapakua yakafanya kazi bila mtandao. Shule ambayo maabara yake ni kabati moja lililopotea ufunguo isiambiwe.

Programu ya Kiwix ni hatari vilevile. Inaibeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya simu, ukiipakua mara moja tu, kisha mtoto anaisoma hata kama bando imeisha na mwenye ruta amesafiri. Utakosa kisingizio. Khan Academy nayo ina mazoea mabaya ya kuuliza maswali na kugundua kwamba hukuelewa. Ilianzia kwa jamaa mmoja, Salman Khan, aliyekuwa akimfundisha binamu yake Nadia hesabu kwa mbali mwaka 2004; jamaa wengine wakasikia, wakataka nao wafundishwe, hadi akaona heri arekodi video aziweke YouTube. Familia ni zile zile kote duniani. Katuni za Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, tangu 2014, zinafundisha hisabati kwa Kiswahili na nyimbo zinazoganda kichwani wiki nzima. Ukisikia mtoto anaimba sehemu akiosha vyombo, umechelewa.

Usijitetee kwamba huna simu ya maana. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, ilipeleka masomo redioni na kwenye runinga, na kampuni ya Eneza walikuwa wakituma maswali kwa ujumbe mfupi, ambao hata kabambe, simu ile ya vitufe, inapokea. Kisingizio cha simu kilikufa mwaka ule, kizike.

Sasa wale wa saa nane usiku. Mtaa wetu haukosi mmoja: mchana hulala, taa yake haizimwi, na mama mboga anaamini ni askari wa kampuni fulani mjini. Kazi yake ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Wenyewe huiita akademik, na ilishamiri Kenya hadi New York Times wakaja kuiandika mwaka 2019. Jumatatu yeye ni muuguzi wa Ohio anayeeleza shinikizo la damu. Jumatano ana shahada ya fedha. Alhamisi ni msichana wa Texas aliyekerwa sana na tabia za Hamlet, na anataka kurasa sita kabla ya alfajiri, marejeleo kwa mtindo wa APA.

Huyu ndiye aliyekifungua kile kitabu cha anatomia. Takwimu alizipata Khan Academy kwa sababu mteja alikuwa anangoja, uchumi akautoa MIT, na hakuna aliyempongeza kwenye status. Ni udanganyifu, tusizungukezunguke: digrii inakwenda kwa ambaye hakusoma, na aliyesoma anabaki na dola chache kwa kila ukurasa. Lakini nikitafuta mtu wa Komarock aliyetumia masomo ya bure jinsi yalivyokusudiwa, kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, namwona yeye tu.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 wateja wengi wanaiuliza mashine, na siku hizi anashinda kibandani mchana kama watu wengine. Tumia nafasi hiyo. Mnunulie chapo madondo, umuulize maana ya mkengeuko wastani. Atachora mstari kwenye karatasi ya kufungia mandazi, aweke nukta, akueleze hadi uelewe, kisha akuulize kama mnaandika watu pale kwenu. Usimuulize alisomea chuo gani. Atakwambia aliachia mwaka wa tatu kwa salio la karo, na mwongozo huu unahusu vitu vya bure tu.