Sifa za Lojingi ya Juu ya Bucha

Ubao wa mbele huwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: Bucha, Hoteli, Baa na Lojingi. Msafiri mwenye akili hahitaji mwongozo mwingine. Hiyo ni ratiba kamili ya Ijumaa jioni, tena kwa mpangilio wake: ununue nyama, ukae uile, uiteremshe, ukalale. Mji wa Nyeri unazo nyumba za namna hii, Karatina inazo, Naro Moru na Nanyuki vilevile, na kila mtu wa Nairobi anayepanga kwenda kupumzika huko wikendi huonywa na rafiki zake aziepuke. Nilitaka kuzitetea. Lakini anayetetewa ni mshtakiwa, na lojingi ya juu ya bucha haina kosa. Inazo sifa tu, na ni haki zisemwe.

Tuanze na ushauri, kwa kuwa safari ya siku mbili huharibiwa na mshauri kabla haijaharibiwa na mvua. Rafiki wa ofisini atakupendekezea hoteli yenye bwawa la kuogelea. Nyeri iko kilomita 150 hivi kutoka Nairobi, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya safu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwezi wa Julai, ukungu ukiukalia mji, bwawa lile huogelewa na majani ya miti.

Mshauri wa kweli yuko steji ya Nyeri, amekaa juu ya pikipiki, koti limefungwa hadi kidevuni, naye hulitazama begi lako kabla ya kukutazama uso.

"Mkubwa, unataka pazuri ama unataka pa kulala?"

Huyo ameshayatenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya utalii huyachanganya kila siku. Ukimjibu "pa kulala", atakupeleka moja kwa moja, na njiani atakueleza kwamba mwenye nyumba ni mjomba wake. Watu wa mjini hushtuka wakisikia hivyo. Mimi hutulia. Mshauri wa mtandaoni akinidanganya, simjui hata kwa sura. Huyu kesho asubuhi nitamkuta steji ileile, na mjomba wake nitamkuta kwenye mizani.

Kaunta iko chini ya ngazi, nyuma ya nondo. Msichana aliyeko ndani haulizi kama umesafiri salama. Anauliza, "Ni ya masaa ama ya kulala?" Hoteli ya nyota tano haijawahi kumheshimu mgeni kiasi hicho: hakudhanii mema wala mabaya, anataka tu kujua bei gani akutajie. Ukisema ya kulala, unafunguliwa daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, ulikotoka, unakokwenda. Ukichungulia mistari ya juu utawaona akina Kamau watatu mfululizo, wote wametoka Nairobi na wote wanakwenda Nairobi. Kisha unalipa papo hapo, na hilo nalo ni wema, maana asubuhi hakuna bili ya kukushtua.

Ndipo unapokabidhiwa mali yako. Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mbao kisichoingia mfuko wowote, usije ukaondoka nao hadi Thika. Sabuni ni kipande kilichokatwa kwa kisu. Karatasi ya choo si mzingo mzima bali sehemu iliyokadiriwa na mtu anayeyajua matumbo ya watu. Patipati ni mbili, moja ya bluu na moja ya kijani, zimekatwa pembe tatu kisiginoni ili mwizi aone haya kuzivaa barabarani. Shuka imepigwa mhuri wa jina la nyumba katikati, hivi kwamba hata ukijifunika gubigubi unajua uko wapi. Hoteli kubwa humwekea mgeni vitu vingi kwa sababu inamwamini. Lojingi humwekea vichache kwa sababu inamjua.

Bafuni kuna shawa ya umeme, waya zake zimezungushiwa utepe mweusi. Ukifungua maji mengi, ni baridi ileile yaliyoteremka nayo mlimani. Ukiyapunguza hadi yawe uzi, yanachemka. Katikati hakuna. Kwa dakika chache mgeni hujifunza jambo ambalo mawaziri wa fedha hushindwa kutueleza kila Juni, kwamba wingi na ubora havitoki bomba moja. Na usilishike bomba hilo kwa mkono uliolowa. Litakusalimia, na salamu yake huondoa baridi mwilini hadi Jumapili.

Sasa teremka bucha, kwani nyumba nzima imejengwa kwa ajili yake. Mbuzi ananing'inia nyuma ya kioo. Hapa mla nyama haagizi kwa kusoma karatasi, anaonyesha kwa kidole. Sema mbavu, au sema mkono. Sema kilo moja na nusu kama mko wawili na mna njaa. Na uitazame mizani, si kwa kumshuku muuzaji, ila kwa kuwa yeye mwenyewe atakudharau usipoitazama. Halafu subiri. Nyama ya mbuzi haiharakishwi, itakaa juu ya makaa saa nzima na pengine zaidi, na hapo utaelewa kwa nini vyumba viko juu: una pa kuweka begi na pa kuvalia sweta ya pili. Ukirudi utaletewa supu kikombeni bila kuiomba, ya moto, yenye pilipili. Nje ya mlango jamaa wa mutura, soseji ya matumbo, anakata vipande juu ya kibao, chumvi pembeni, wateja wamemzunguka wakiwa wima. Mutura huliwa kwa kusimama. Anayeitafutia kiti si mwenyeji.

Nyama huja juu ya ubao, mchomaji akaikatakata mbele yako kwa kisu kilichonolewa miaka mingi hadi kikabaki chembamba, lundo la chumvi kando, kachumbari, na ugali au mukimo wa kijani. Binti huja na birika la maji vuguvugu na beseni mnawe. Yafurahie maji hayo. Ndiyo maji ya moto pekee utakayoyapata katika nyumba hii bila hatari.

Jumamosi mchana unaweza kumpumzisha mbuzi. Kule Burguret, kati ya Naro Moru na Nanyuki, kuna mkahawa wa Trout Tree uliojengwa katika mti wa mugumo, ambako samaki aina ya trauti hufugwa chini na kuliwa juu. Trauti naye si mwenyeji. Wazungu walimleta mwanzoni mwa karne ya 20 wakamtia katika mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, akayapenda maji yake, akabaki. Hajawahi kulalamikia baridi.

Lakini usiku urudi lojingi, maana usiku ndio sifa yake kuu. Baa ya chini ina mugithi: mtu mmoja, gitaa moja, spika mbili zinazofika kifuani. Nyimbo huanza zile za zamani, za heshima. Kadiri saa zinavyosogea maneno yanalegea, na kufikia saa saba usiku wanywaji wamejipanga mstari mmoja, kila mmoja kamshika wa mbele mabegani, wanazunguka meza kwa mwendo wa treni. Dari yao ni sakafu yako. Hulipi kiingilio, besi inapanda yenyewe kupitia miguu ya kitanda. Wakichoka, malori ya viazi na kabeji yanaanza kubadilisha gia kwenye mwinuko. Malori yakipita, jogoo. Baada ya jogoo, ikiwa ni Jumapili, kuna mtu anajaribu spika ya kanisa: moja, mbili, moja, mbili. Blanketi unalo, tena zito, ila likifunika mabega linaiacha miguu, na likifunika miguu linayaacha mabega, basi unalihamisha huku na huku usiku kucha.

Watakaocheka wakumbuke jinsi wakubwa walivyolala katika milima hii. Treetops, hoteli ya mtini iliyoanzishwa na Eric Sherbrooke Walker mwaka wa 1932 katika msitu wa Nyandarua, ilianza na vyumba viwili tu juu ya mugumo. Mgeni hakwenda kule kulala. Alikwenda kukesha, akiwatazama tembo na vifaru wakija kunywa maji, huku amekatazwa kelele. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952 mmoja wa wageni alikuwa Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Usiku huo baba yake alifariki, binti akawa malkia bila kujua. Habari zilimfikia baadaye, akiwa Sagana Lodge. Ni nani aliyewahi kulala vizuri akaamka na cheo kama hicho? Nyumba yenyewe ilichomwa moto mwaka wa 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa upya mwaka wa 1957. Katika Nyandarua hiyo hiyo kuna The Ark, yenye umbo la safina, ambayo imetiwa kengele vyumbani: akija mnyama wa maana inalia, na wageni hutoka vitandani kwenda kumtazama. Sasa naomba haki. Mtu alipe dola ili aamshwe na kengele kwa ajili ya fisi, halafu mimi nionewe huruma kwa kuamshwa bure na gitaa?

Shujaa wa wote waliowahi kulala vibaya katika eneo hili ni Felice Benuzzi, Mtaliano. Waingereza walimlaza Nanyuki, katika Kambi 354 ya mateka wa vita, penye tope, uchovu na vitanda vya kamba za mkonge. Asubuhi moja mawingu yalifunguka, akauona mlima. Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini. Kamba za kupandia zilitoka vitandani, vyuma vya kukanyagia barafu walivitengeneza wenyewe kwa vyuma chakavu, na mwongozo wao ulikuwa picha ya mlima iliyobandikwa kwenye mkebe wa chakula. Batian, kilele cha mita 5,199, kiliwashinda. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wakahukumiwa siku 28 selo, wakakaa 7, kwa kuwa kamanda alikiona kitendo chao kuwa cha kiungwana. Wangelazwa pazuri, wangeshuka kunywa chai saa tatu asubuhi, na saa tatu mlima huwa umeshaondoka.

Hilo la saa tatu si utani. Katika miezi mikavu, hasa Januari na Februari, anga juu ya vilele huwa safi alfajiri. Jua likishaipasha misitu ya chini, hewa yenye unyevu hupanda mteremko, hupoa, huwa mawingu, na kufikia katikati ya asubuhi vilele vimefungwa. Pengine vitafunguliwa jioni, pengine visifunguliwe. Wazee wa Kikuyu walioomba wakielekea Kirinyaga, makao ya Ngai, hawakuwa watu wa kuchelewa kuamka. Mgeni mwenye godoro nene na pazia zito ana saa mbili au tatu za kuuona mlima aliofunga safari kwa ajili yake, na saa hizo zote yuko usingizini. Mgeni wa lojingi, saa kumi na mbili kamili, yuko nje. Hakuamka mapema, hakulala. Amevaa kila nguo aliyokuja nayo, mkononi ana kikombe cha chai ya maziwa na kipande cha nduma kutoka kwa mama wa kibanda, na mashariki, juu ya mabati ya duka la mbegu, vilele vya Batian na Nelion vimesimama vyeusi mbele ya anga la chungwa.

Kuhusu kunguni nitasema machache. Mwenye nyumba anayeapa kwamba hakuna, hajawahi kulala humo. Anayekiri kwamba ni wachache ni mwaminifu, kaa kwake.

Basi panga hivi. Ukipata nafasi katika treni ya Nanyuki iliyofufuliwa mwaka wa 2020, ambayo imekuwa ikiondoka Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili, ipande: hupita Sagana, Karatina na Naro Moru polepole vya kutosha kukupa usingizi ambao hutaupata mwisho wa safari. Ukienda Nyeri, Jumamosi katazame ukumbusho wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katikati ya mji, halafu kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefia hapa Januari 1941 katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Jim Corbett, mwindaji wa simbamarara wa India, alikuja kuishi katika nyumba hiyohiyo, na amezikwa makaburi hayohayo. Wote wawili walikuja Nyeri kutafuta utulivu, wakaupata. Mugithi haukuwa umeanza.

Na jioni ukifika kaunta ukapewa chumba chenye kimya, godoro nene, maji ya moto na blanketi linalofika miguuni, muulize msichana kwa adabu kama kile cha juu ya spika kimechukuliwa. Atakutazama mara mbili, kisha atakupunguzia bei. Kikiwa kimechukuliwa, huna la kufanya: lala hapo pazuri, na utege simu yako ilie saa kumi na moja na nusu, ikufanyie kazi ambayo lojingi ingekufanyia bure.