Mchango Uliotufilisi

Juzi Jumapili, mbele ya kamati nzima ya harusi, mjomba wa bwana harusi alichanga shilingi 150,000 na hapohapo tukafilisika.

Projekta ilikuwa inaonyesha programu niliyoiandika mwenyewe kwa Java, kwa majivuno, ili tuachane na lile daftari la kaunta analotembea nalo katibu kwapani. Kabla ya mjomba tulikuwa na 21,400,000. Nikaingiza mchango wake, nikabonyeza, na ukutani pakatokea -21,399,672.96. Hata waliokuwa wamezama kwenye simu wakainua vichwa. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mhazini, hicho kistari cha mbele ni uchafu wa ukuta?"

"Ni alama ya hasi, mwenyekiti."

"Kwa hiyo tunadaiwa."

Shangazi wa bibi harusi akataka kujua tunadaiwa na nani, na hizo senti 96 amezila nani, maana yeye senti aliiona mara ya mwisho akiwa msichana. Mjomba hakuwa na maneno mengi. "Basi nirudishieni yangu, mrudi mlikokuwa." Kinachoniuma ni kwamba alikuwa sahihi: ningeitoa ile laki na nusu, programu ingerudi kwenye 21,400,000 kamili, bila kupungua hata hiyo senti ya shangazi.

Senti zilitoka vitabuni. Wanaofundisha programu hushauri pesa isitunzwe kwa desimali, kwa kuwa moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa namba wa kompyuta. Hesabu kwa kipande kidogo kabisa cha sarafu. Nikatii. Sasa milioni 21 na ushee kwa senti ni bilioni mbili na ushee, na namba ya aina ya int, niliyoitumia, ina biti 32 tu. Hapo ndipo utamu ulipo. Biti 32 zinatoa michanganyiko 4,294,967,296. Nusu wamepewa hasi, nusu nyingine sufuri na chanya, hivyo kilele ni 2,147,483,647: biti ya kwanza ni sufuri, na zile 31 zinazofuata ni moja tupu. Ongeza moja. Moja na moja zinaacha sufuri na kubeba moja, jirani naye vilevile, na jirani wa jirani, mpaka ile moja inayobebwa imevuka biti zote 31 na kutua kwenye ya kwanza, ambayo thamani yake ni hasi 2,147,483,648. Umepanda ngazi moja ukajikuta chini ya shimo. Na mpango wenyewe ni wa akili nyingi, kwa sababu saketi ileile moja inajumlisha na kutoa, chanya na hasi, bila kujali alama.

Ugomvi wangu ni na kile kimya. Prosesa za familia ya x86 zina biti maalumu, bendera ya kufurika, ambayo amri ya kujumlisha huipandisha jumla ikivuka mpaka. Yaani chuma kinajua. Lugha ndiyo haiulizi. Java, kwa sheria zake rasmi, inageuza namba na kuendelea na safari. Toleo la 8, mwaka 2014, likaleta Math.addExact, inayogoma jumla ikizidi. Kwa hiyo jibu la kweli unaliomba, la uongo unapewa bila kuomba. Lugha ya Python hupanua namba yenyewe, mtu akalala. Halafu utaambiwa mzembe ni mwandishi! Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba msimbo wake wa kutafuta kwa kugawa nusu-nusu, uliokuwa ndani ya maktaba ya Java yenyewe, ulikaa na kasoro hiihii kwa miaka kama tisa. Akijikwaa Bloch, mimi mhazini wa harusi nifanyeje?

Nimebadilisha int kuwa long, biti 64, wachange mpaka Kiyama.

Lakini vituko vya int havijaisha: Math.abs ya Java, ambayo kazi yake ni kuondoa hasi, niliipa -2,147,483,648 ikanirudishia -2,147,483,648, kwa kuwa chanya yake haina pa kukaa.

Na kwenye lugha ya C niliandika mstari wa kukagua kama jumla imefurika. Kompaila, ikijua kwamba sheria za C hazitambui kufurika kwa namba zenye alama, ikaona mstari ule hauna kazi, ikaufuta.