Barakoa ya Kidevuni

Zamani barakoa ilikuwa vazi la mabibi wa Kiarabu kule Unguja. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ikatufikia na sisi wa Murangi, kando ya Ziwa Victoria, katikati ya joto na dagaa walioanikwa.

Ya kitenge ilipendeza. Fundi aliishona ilingane na gauni, nzito kama shuka. Ukishuka Musoma mjini kidevu kimeloa, na shikamoo yako imeishia humo humo kwenye kitambaa. Mzee anakuona huna adabu. Halafu ulikula dagaa asubuhi, na sasa unajivutia mwenyewe ile harufu uliyokuwa ukiwapa wenzako bure.

Ya bluu ya duka la dawa ni ya kutupwa. Sisi tuliivaa wiki nzima, masikio yakachomoza kama ya mbuzi. (Mbuzi naye, Mei 2020, Rais Magufuli alitueleza kwamba sampuli yake imekutwa na virusi, na ya papai pia. Barakoa hawakupewa.) Wenye miwani, poleni: ukungu wa ziwa alfajiri, ukungu wa pumzi mchana kutwa.

Barakoa ziliporudi 2021 tukawa wazoefu. Zikakaa kidevuni. Kondakta akiona askari mbele anagonga bodi la haisi, zinapanda zote kwa pamoja, tukishapita, zinashuka.

Siku wingu la wadudu wa ziwani lilipotua ufukweni, kila mtu aliipandisha hadi puani bila kuamrishwa.