Shukrani kwa Taa ya Uani

Anayeshuka Konde, akavuka msitu wa Ngezi mpaka ufukwe wa Vumawimbi na kamera yake begani, huwa ameponzwa na ramani. Ameona ni kaskazini kabisa mwa Pemba, mji mkubwa hakuna, akajua usiku atalikuta giza. Hajui kuwa kwenye nyumba ya wageni ametayarishiwa taa ya ulinzi, nyeupe pe, inayoumulika mnazi tangu shinani hadi kileleni.

Tuitendee haki taa hii. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli hadi 2010, waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme uliopiga mbizi kiasi hicho utauzimaje kwa ajili ya mtu anayetaka kutazama nyota?

Na nyota zenyewe zina jipya gani? Usiku wa Julai, mawingu yakipisha, kitovu cha Njia Nyeupe hupita karibu na utosi. Mgeni angeiacha kamera wazi sekunde 20, akarudi kwao na picha waliyonayo wenzake wote. Kwa msaada wa taa, sekunde hizo hizo humpa mbingu ya kijivu isiyo na doa, na mbele yake kamba ya nguo yenye vibanio vinavyohesabika kimoja kimoja.

Faida nyingine haziishi. Mijusi wa ukutani wamenenepa. Kitoto cha kasa, ambacho hutoka mchangani kikifuata penye mwanga, hakina tena haja ya kuhangaika na bahari, kinakaribishwa barazani. Mwizi anaona vizuri pa kukanyaga. Mlinzi analala chini ya taa, kanga usoni. Wavuvi wa dagaa nao huwasha taa usiku wa giza, lakini wakishavua huzizima: ubahili huo sisi hatuna.

Nilimwomba mwenye nyumba, kwa adabu zote, aiinamishe kidogo au aivishe kofia, mwanga ubaki uani. Bibi akanitazama kwa huruma.

“Mwanangu, ikimulika chini tu, walio mbali watajuaje kama tuna taa?”

Sikuwa na jibu. Akanituliza kwamba ya pili imeshanunuliwa, itafungwa upande wa ufukweni, ambako mpaka sasa maji yote yale yanalala bila ulinzi.